Jinsi ya kumfanya mpenzi wa muvi za kikauboi aangalie muvi ambayo hajawahi kuisikia

Picha linaanza nipo sebuleni kwa mjomba, Pasua hapa Moshi, Jumamosi saa 2 usiku, luku ina uniti za kutosha, sabufa iko chini ya meza ya tivii, watu 12 wamekaa mpaka kwenye ndoo zilizogeuzwa kichwa chini, na mimi nimesimama mbele yao na rimoti mkononi natoa hotuba. Nawaeleza kwamba muvi ya leo haina kampuni kubwa nyuma yake, ni kazi ya watu wa kujitegemea, ilienda tamasha la Toronto, imechukua kikauboi cha zamani ikakigeuza, alafu nikaingia na ukoloni kidogo. Nilivyomaliza watu walikua 7, na katika hao 7 wawili ni watoto waliolala zamani. Muvi haikufika hata nusu, anti akaomba kwa adabu kabisa kama tunaweza kumwekea tamthilia yake ya Kituruki maana leo ndo yule binti anagundua baba yake ni nani.

Hiyo muvi ni Five Fingers for Marseilles na haikua na kosa lolote, kosa lilikua langu mimi na mdomo wangu. Toka siku ile nimewapa watu wengi tu muvi hii hii, Moshi hapa na hata machalii wawili wa Arusha ambao ni wagumu kuliko mawe, na wengi wameimaliza. Kwa hiyo hapa naandika jinsi ninavyofanya sa hivi, we ukiwa na muvi yako nyingine unayoipenda na hakuna anayeijua utabadilisha majina tu.

Kwa ambao hamuijui kwanza. Ni ya Afrika Kusini, 2017, kaongoza Michael Matthews, kaandika Sean Drummond, na ni kikauboi haswa, ile ya jamaa anarudi kwenye kamji alikokimbia zamani na kila mtu anamwangalia kwa jicho la pembeni, vumbi, milima, mtaa mmoja, baa moja, jambazi mmoja ambae wote wanamwogopa. Sema wanaongea Kisotho na Kixhosa kwa sehemu kubwa, na imepigwa Lady Grey kule Eastern Cape, juu milimani karibu na mpaka wa Lesotho. Ni masaa mawili. Kwa kweli ni moja ya kikauboi kizuri zaidi nilichowahi kuona na nimeona vingi, nilikodisha CD karibu na stendi miaka minne enzi CD bado zinalipa, najua ninachosema.

Sasa, jambo la kwanza: usipendekeze muvi kwa watu, pendekeza kwa mtu. Mmoja. Watu 12 hawana ladha moja, na akitokea mmoja wa kuguna basi wote wanaguna, ndo tulivyo. Ukimpata mmoja akaipenda, huyo ndo atakufanyia kazi, atamwambia mwenzie "kuna muvi dogo kanipa" na hapo umeshamaliza.

Mtu wa kwanza kumtafuta ni mzee, usianze na kijana. Najua unaona ajabu, muvi ina maandishi ya chini, ya nje, mzee wa miaka 60 ataiweza vipi. Ila fikiria. Mjomba wangu kakulia enzi za Plaza hapa Moshi, ile senema ambayo jengo lake mpaka leo lipo mjini, na kila wiki aliyopata hela ya tiketi alikua pale. Wa Arusha wana Metropole yao, muulize mzee yeyote wa pale mjini akuhadithie utakaa mpaka saa nne. Hawa watu kikauboi wanakijua kwa damu. Wanajua steringi anaingia vipi, wanajua adui mkubwa lazima awe na kilema au sauti ya ajabu, wanajua mtu akikaa kimya kwenye baa kuna mtu atakufa. Hujaanza hata kumweleza ameshaelewa robo tatu. Kijana wa sa hivi yeye kakulia kwenye watu wanaoruka angani, kikauboi kwake ni kofia tu.

Kijana unamkamata kwa sura. Steringi wa hii muvi ni Vuyo Dabula, yule Shandu wa tamthilia ya Queen Sono, na humo ndani kuna Kenneth Nkosi ambae alikua mmoja wa genge kwenye muvi ya Tsotsi. Mwonyeshe picha ya Dabula tu, lile uso lililokauka kama limechongwa kwenye mti wa mpingo, kwa wadada hasa kazi imeisha, siwasemei vibaya nasema nilichokiona.

Alafu chunga maneno. Nilipokua nakodisha CD mteja akija alikua anasema neno moja: "nipe kali". Kali maana yake dakika tano za mwanzo kuna mtu amepigwa au ameachwa. Hakuna hata mmoja katika miaka minne aliwahi kuniambia nipe ya watengenezaji wa kujitegemea. Kwa hiyo maneno kama tamasha, tuzo, wakosoaji, kujitegemea, bajeti ndogo, yafungie kabatini. Ukisema "bajeti ndogo" mtu anasikia "picha mbovu". Ukisema "inaenda taratibu" umeizika mwenyewe. Na baya kuliko yote ni "ina ujumbe", ukimwambia mtu wa Moshi muvi ina ujumbe anajua amealikwa semina na hakuna posho.

Cha kusema ni hadithi, na hadithi yenyewe sentensi nne. Mimi nasema hivi, na nimeipunguza punguza mpaka ikakaa:

"Kuna dogo aliua polisi wawili enzi za makaburu akatoroka kutoka kijijini kwao. Akawa jambazi, akafungwa, miaka 20 baadae anatoka jela anarudi nyumbani anataka kukaa kimya tu. Anakuta wale rafiki zake wa utotoni mmoja ndo meya, mmoja ndo polisi, mmoja mchungaji. Na kuna jambazi jipya mjini linaitwa Mzimu."

Basi. Nanyamaza, nachukua simu yangu naangalia vitu vingine. Asipouliza swali ndani ya dakika moja huyo sio mtu wako, mwache na mpira wake. Ila akiuliza, na mara nyingi swali ni "sasa wale rafiki zake walimpokea vipi?", usimjibu, mwambie "si ndo nakwambia uangalie". Mjomba siku ya pili (maana ilibidi nirudi kwake nikiwa mpole, peke yangu, bila ndoo za watu) aliuliza: "Huyo aliyekua polisi, ni yule yule waliyekua wakiwapiga polisi na manati pamoja?" Nikamwambia ndo huyo huyo mjomba. Akasema "ehee". Ile ehee yake naijua, ni ya mtu aliyeshavua viatu.

Kwa mtu wa Moshi nina na kionjo cha ziada. Wale watu kwenye muvi mji wenyewe unaitwa Marseilles, jina limetoka Ufaransa huko kama walowezi walivyokua wanabandika majina ya kwao kila mahali, ila Waafrika wanakaa pembeni, kwenye makazi yanayoitwa Railway. Yani reli ndo imewazaa. Mwambie hilo mzee wa hapa alafu mkumbushe kwamba hata Moshi hii tunayoiita Moshi iko hapa chini kwa sababu reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika huku 1911, mji ukashuka kuifuata, jina likashuka nao, kule juu pakabaki Old Moshi. Hapo mzee lazima atakuhadithia treni ilivyokua, na ilivyopotea miaka mingi mpaka iliporudi Desemba 2019 watu wakajaa stesheni kama mwana mpotevu karudi. Mwache aongee. Akimaliza kuongelea reli muvi inaonekana kama ni ya kwao.

Kuna swali moja litakuja tu na ukilijibu vibaya umekwisha: "Si wanaiga Wazungu hao? Kauboi Mwafrika wapi na wapi." Anaweza kuuliza mzee, anaweza kuuliza kijana aliyesoma, yule aliyesoma ndo mbaya zaidi.

Mimi hua naanza na Wajapani. Kurosawa alitengeneza muvi ya samurai saba wanaolinda kijiji, 1954, Wamarekani wakaichukua 1960 wakawavalisha kofia wakawaita The Magnificent Seven. Akatengeneza nyingine, Yojimbo, 1961, jamaa mmoja anayagombanisha magenge mawili, Mtaliano Sergio Leone akaichukua bila hodi 1964 ikawa ile A Fistful of Dollars ya Clint Eastwood, Wajapani wakadai na wakalipwa. Na hizo za Leone ambazo wazee wetu wanaapa nazo kwamba ndo kauboi wenyewe, zile jangwa zilipigwa Almería, Hispania, sio Marekani. Waigizaji kila mtu alikua anaongea lugha yake, huyu Kiingereza yule Kitaliano, sauti zinabandikwa baadae. Kwa hiyo kauboi alishakua wa kila mtu kabla mjomba hajaota ndevu.

Alafu namalizia na ya nyumbani. John Wayne mwenyewe, baba wa makauboi wote, alikuja hapa hapa kwetu kupiga Hatari! ya Howard Hawks, ikatoka 1962, ni mambo ya Arusha, Momella, anakimbiza faru na gari kwa kitanzi. Ukiiangalia vizuri ni kikauboi kile kile, ng'ombe wamebadilishwa wakawekwa faru na farasi wamebadilishwa wakawekwa magari. Ila Waafrika humo ndani wanafanya nini? Wanafungua geti, wanabeba vitu, wanacheka. Sasa, namwambia, Five Fingers ni kama yule aliyekua anafungua geti ndo kapewa muvi yake. Hii ndo hoja yangu kubwa na haijawahi kushindwa, machalii wa Arusha nilivyowaambia walikaa kimya kidogo alafu mmoja akasema "mazee iweke".

Ila usiende mbali sana na hoja, utarudi kwenye hotuba. Mimi nilipigwa na hotuba ndo maana naogopa.

Sasa usiku wenyewe. Hapa ndo pana kazi, na hapa ndo wengi wanaharibu hata kama walianza vizuri.

Shida kubwa ni maandishi ya chini. Tusidanganyane, watu wetu wengi hawataki kusoma muvi. Mjomba anasoma gazeti zima mpaka matangazo ya vifo, ila ukimwekea muvi ya kusoma anasema macho yanauma. Tumezoea kutafsiriwa. Kizazi cha vibanda umiza kimejifunza muvi kwa masikio, kuna watu wanajua muvi nzima za Kichina kupitia sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, na hawajawahi kusikia hata neno moja la Kichina maana Lufufu alikua kalifunika. Kwa hiyo fanya kazi ya Lufufu. We ndo utatafsiri. Usiogope, ila kuna namna.

Namna ya kwanza, iangalie peke yako mara mbili kabla. Mara moja haitoshi, mara ya kwanza unaangalia kama mtazamaji. Mara ya pili una daftari, andika dakika ambazo maneno yanakua mengi. Sio nyingi, hii muvi watu hawaongei ovyo, kuna sehemu ndefu ni upepo na viatu tu.

Namna ya pili, tafsiri mwanzo, alafu achia. Muvi inaanza na utoto wao, watoto na manati wanajiita Vidole Vitano, polisi wanakuja, linatokea lile tukio, alafu inaruka miaka 20 na sura zote zinabadilika. Pale ndo watu wanapotea! Wanaona watu wazima hawajui nani ni nani, wanaanza kuulizana, simu zinatoka mifukoni. Dawa yake ni majina ya utani. Kila mtoto ana jina la utani na yanatafsirika vizuri ajabu. Yule anaitwa Pockets, we mwite Mifuko, ndo anakuja kua meya. Yule Cockroach mwite Mende, ndo anakuja kua polisi. Tau, steringi mwenyewe, maana yake simba kwa Kisotho. Lerato, yule binti, ni upendo. Wakiwa bado watoto kwenye kioo we taja majina taratibu kama unaita watoto wa jirani: huyu Simba, huyu Mende, yule Mifuko angalia anavyotembea. Muvi ikiruka na Mende akatokea kavaa gwanda la polisi, mjomba alipiga goti lake akasema "Mende! Mende kawa polisi!" akacheka peke yake kama dakika nzima. Nikamwacha acheke. Hamna mkosoaji wa filamu duniani angeisema vizuri kuliko vile, maana muvi nzima iko pale pale kwenye hicho kicheko.

Ukifika hapo punguza sauti yako, acha Kisotho kisikike. Na kuna kitu kitatokea chenyewe kama ukimya upo: watu wataanza kusikia maneno. Motho, mtu. Batho, watu. Nama, nyama. Metsi yaani maji. Anti, yule yule wa tamthilia ya Kituruki ambae safari hii alikua anapita tu kwenda jikoni, alisimama mlangoni na mwiko mkononi akauliza "hawa wanaongea Kichagga cha wapi?" maana yeye kasikia motho akawaza mndu. Akakaa. Hajainuka mpaka ndizi zikaungua, na siku ile ndizi zilizoungua nilisingiziwa mimi.

Vitu vidogo vidogo: zima taa maana ina usiku mwingi na kwenye tivii ya inchi 32 huoni kitu kama bulbu inawaka. Sabufa muhimu, ila shusha besi kidogo, zile sabufa zetu zikikutana na upepo wa milimani zinanguruma kama fuso inapandisha Kibosho. Chakula kiliwe kabla. Mishkaki sawa, kitu cha mkononi, ila usilete mtori katikati ya muvi yenye maandishi ya chini, mtu anaangalia bakuli au anaangalia kioo, hawezi vyote. Watoto wadogo wakalale, kuna damu na kuna matusi, kweli kabisa.

Na simamisha muvi mara moja tu kwa usiku mzima, zaidi ya hapo unakera. Mimi hua nasimamisha pale Mzimu anapoingia mara ya kwanza. Jina lake Sepoko, ndo hilo hilo Mzimu, kaigiza Hamilton Dhlamini, jicho moja bovu na sauti kama mtu anaburuta kiroba cha mchanga sakafuni. Hasemi kwa nguvu. Simamisha hapo, mwangalie mzee wako usoni, muulize "adui huyo vipi?" na umsikilize. Mjomba alikua ameshika kipande cha mshikaki karibu na mdomo, kakisahau hapo hapo, akasema "huyu ni adui wa kizamani" na kwa mjomba hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo. Weka pleya, endelea.

Kuna sehemu katikati, kama saa moja na kitu, muvi inapoa. Tau anazunguka zunguka, hataki kugombana, watu wanaonewa mbele ya macho yake na yeye anainamisha kichwa. Hapa vijana wanaanza kuhangaika, "mbona hapigi?" Usiwatetee waigizaji wala usiseme "subirini inakuja", ukisema hivyo wataanza kuhesabu dakika. Hapa ndo unaweza kutupa maneno machache, na mimi maneno yangu ni haya: kumbukeni nani alianzisha. Maana kwenye kauboi wa kawaida steringi anakuja kusafisha uchafu wa watu wengine. Mji ni mzuri, majambazi wameuharibu, steringi anaua majambazi, anapanda farasi anaondoka, sisi tunapiga makofi. Hapa uchafu una alama za vidole vyake. Alivyoua wale polisi akakimbia, waliobaki ndo waliolipa. Yeye alikimbia na ushujaa wake, Mende na Mifuko wakabaki na kesi. Sasa anarudi, uhuru umeshapatikana, makaburu wametoka madarakani toka 1994, na bado mji una hofu ile ile, na wenye mji sa hivi ni rafiki zake. Ampige nani? Bastola inaelekezwa wapi?

Hicho ndo wamekifanya kwenye kikauboi na ndo maana naipenda hii muvi mpaka nakua msumbufu. Hawajabadilisha kofia tu wakaweka blanketi. Kila kitu cha kauboi kimeachwa pale pale, mgeni anaerudi, mji wenye mtaa mmoja, sheria dhaifu, adui mwenye jicho moja, yule mwanamke wa baa ambae alimpenda zamani, ila swali limegeuzwa. Kauboi wa zamani anauliza nani atauletea mji sheria. Huyu anauliza sheria ikishakua mikononi mwa marafiki zako inakuaje. Na hilo swali mtu wa Afrika halihitaji maelezo, we ukimwona meya Mifuko anavyoongea na wananchi wake utacheka alafu utaacha kucheka, kila mtu ana Mifuko wake.

Wazee wana kitu kingine cha kwao hapa. Hawa walikua vijana wakati Tanzania inawahifadhi wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wengine walipita JKT wakiimba nyimbo za ukombozi, wanaijua Mazimbu pale Morogoro ambapo ANC walikua na shule yao ya Solomon Mahlangu. Mjomba katikati ya muvi alisema taratibu tu, bila kuniangalia, "hawa ndo tuliokua tunawachangia". Sikujibu kitu. Kuna wakati kazi ya anayependekeza muvi ni kushika rimoti na kufunga mdomo.

Mwisho wa muvi sikwambii, na we usimwambie mtu, hata ukiulizwa kwa kubembelezwa. Ila jiandae kwamba sio mwisho wa kupiga makofi. Ikiisha usiwashe taa haraka na usiulize "mmeionaje?" Hilo swali linawafanya watu wajione wapo kwenye mtihani, watasema "nzuri" na imeisha hiyo. Acha majina yapite. Mtu wa kwanza atakaeongea ataongea lawama, kwa mjomba ilikua kwamba Tau hakutakiwa kurudi kabisa, angeenda Johannesburg akatafuta kazi. Anti akamrukia, kwamba kwao ni kwao, mtu arudi wapi kama sio kwao, na Lerato je? Wakabishana mpaka saa sita na robo, wakaacha kuongelea muvi wakaanza kuongelea shamba fulani la Kirua na kaka fulani aliyerudi toka mjini akakuta mpaka wa kihamba umesogezwa, mimi hapo nikajua muvi imeingia.

Ukipendekeza ikakataliwa usinune wala usirudie wiki hiyo hiyo. Kuna jamaa yangu fundi pikipiki Majengo nilimpa mara mbili akakataa, ya tatu akaja mwenyewe baada ya kusikia watu wanamwita mtu "Mende" kijiweni akauliza ni nini wanacheka.

Asubuhi yake saa moja simu inaita, mjomba. Nikajua shamba la Kirua limeleta ugomvi. Nikamwamkia shikamoo mjomba, hata marahaba hakumalizia vizuri: "Ile ya jana, ina pati tuu?"

Nikamwambia hamna mjomba, ila kuna babu yake. Kuna Mniger anaitwa Moustapha Alassane, 1966, dakika 34 tu, Le Retour d'un aventurier, kijana anarudi kijijini kutoka Marekani kawaletea rafiki zake nguo za kauboi, wanazivaa, wanajipa majina ya kizungu, wanaanza kusumbua kijiji chao wenyewe.

Kimya kidogo kwenye simu.

"Wanapanda farasi?"

Wanapanda.

"Basi Jumamosi. Na usije na hotuba."